Wavulana wetu wanaishia form two, tushirikiane na nani? (Tanga, kata za pwani)

MpwaWaPwani
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari ya kata hapa Tanga, hizi kata za pwani ukishatoka mjini, jina la shule naliweka pembeni. Naomba mawazo ya watu waliowahi kuyafanya haya mambo kwa mikono yao.

Ishu ni watoto wa kiume. La saba wanafaulu, form one wanaripoti, mwingine mpaka na begi jipya mama kauza kuku, halafu ikifika katikati ya form two unaingia darasani upande wa mabinti umejaa, upande wa wavulana madawati matupu. Ukiuliza fulani yuko wapi unaambiwa yuko chomboni, fulani anapiga deiwaka kijiweni, anaendesha bodaboda ya mtu kwa masaa, fulani gereji, fulani yupo tu kwao anachezea simu. Na msiniambie ada maana tangu 2016 hakuna ada mpaka form four. Hata hao wanaobaki ukimuuliza mwanangu unataka uje kuwa nani, anaangalia chini, "chochote tu mjomba".

Bodi ikakaa tukasema shule peke yake haitoboi, tuunde ushirikiano na jamii. Hapo ndo mtiti ulipoanza. Mkuu wa shule anataka tutafute shirika, mwenyekiti wa mtaa anataka tuwaandikie barua bandari na watu wa bomba la mafuta kule Chongoleani waje waongee na vijana, mzee mmoja tunayemheshimu sana akasema waiteni baba zao kwanza, chanzo ni wao. Hela hatuna, hata soda za kikao katoa mtu mfukoni.

Sasa nauliza, tukisema tuanze na mmoja tu, tuanze na nani? Na tumwambie afanye nini hasa?

ChumaChaMakorora
Kaka msianze na barua ya bandarini nakuomba.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nishaalikwa kwenye hiyo inaitwa siku ya taaluma kwenye shule moja, nitakwambia ilivyokuwa. Bango kubwa, mahema, watoto wamekaa juani, mgeni rasmi kaja na helmeti kichwani kama vile tupo saiti, kaongea jitumeni, msikate tamaa, ndoto zenu zinawezekana. Dogo mmoja nyuma akanyoosha mkono, akauliza mimi hesabu napata D na fizikia sisomi, naweza kuwa fundi wa meli, naanzia wapi? Mgeni akajibu "usikubali mtu akwambie huwezi". Makofi. Picha. Dogo akakaa chini hana jibu, nilimuona usoni. Alikuwa ameuliza njia kapewa mawaidha.

Kingine, hawa watoto wanauziwa matarajio yasiyo yao. Bomba ni kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani sawa, ila kazi nyingi za mradi wa namna ile ni za wakati wa ujenzi. Dogo aliye form two leo mpaka amalize na asomee ufundi atakuta mabomba yameshafukiwa ardhini siku nyingi, wanaobaki ni wa mitambo na walinzi. Bandari sawa, pale pana maisha marefu, lakini napo pamebadilika. Zamani meli inatia nanga huko nje mzigo unaletwa kwa matishari, kuli wanatakiwa wengi. Sasa hivi kina kimechimbwa mpaka mita 13 meli inafunga gatini kabisa, anayetafutwa ni wa kreni na foklifti mwenye cheti chake. Dogo wewe ukimwambia "bandari inaajiri" yeye picha inayomjia ni babu yake na gunia mgongoni, na hiyo ajira anajua haihitaji form four.

Mkitaka wakubwa waje, waje mwisho. Anzeni na mtu ambaye dogo anamuona kila siku.

Mwl_Zamu
Naungana na Chuma. Mimi mwalimu, shule ya pwani pia, kusini kidogo ya mjini.

Kabla hamjamwita mtu yeyote fanyeni kitu kimoja cha bure. Chukueni rejista za mahudhurio za form one na form two za mwaka mzima, wavulana tu, halafu muwe na kalenda ya mwezi pembeni, namaanisha mwezi huu wa mbinguni. Mtaona maajabu. Giza likiingia, zile siku usiku hakuna mwezi, dagaa wanafuata taa na vyombo vyote vinatoka, na rejista nayo inajaa utoro. Mbalamwezi ikirudi vyombo vinapumzika, na wao wanarudi darasani macho mekundu wanasinzia. Giza linalofuata tena vilevile. Kwahiyo mtoto haachi shule siku moja kama watu wanavyodhani. Anaacha kidogo kidogo, kila giza anapoteza wiki na kitu, kila akirudi hesabu zimesonga mbele, mpaka inafika siku hata mbalamwezi harudi kwa sababu akiwepo hakuna anachoelewa.

Na tuseme ukweli sisi walimu, akirudi anapokelewa na nani? Na mwalimu wa zamu na fimbo. Kanuni ya viboko ya 2002 inasema visizidi vinne na mwenye ruhusa ni mkuu wa shule au aliyemuandikia ruhusa, lakini wote tunajua inavyokwenda mstarini asubuhi. Kijana wa miaka kumi na sita usiku kaishi kama mtu mzima, kalipwa, kaheshimiwa, asubuhi analazwa chini mbele ya wasichana wa darasa lake. Mara ya kwanza anavumilia. Baadae anachagua pale anapoheshimiwa.

Kwahiyo mshirika wenu wa kwanza ni tajiri wa chombo. Shirika baadae, bandari baadae. Tajiri anamjua kila mtoto kwa jina na anajua usiku wa jana alikuwa wapi, mkuu wa shule hajui.

Halafu msichelewe, mnajua mtaala umebadilika. Elimu ya msingi inaenda kuwa miaka sita, 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja, mwaka unaofuata form one inapokea makundi mawili kwa mpigo na hao wa la sita watakuwa wadogo zaidi. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, maana yake mpaka form four. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Ila kama hawa wa sasa wanatuponyoka, hao wa mafuriko tutawashika na nini?

MpwaWaPwani
Mwalimu hiyo ya mwezi imenikalia vibaya. Na ngoja niwachekeshe, yule mzee aliyesema "waiteni baba zao" ana vyombo viwili vya dagaa.

Deepsea_Boy
Hahahaaa mzee kajificha nyuma ya baba zao

NahodhaMstaafu
Nimesoma yote. Wanangu msitufanye sisi watu wa bahari ndio maadui wa shule, hapo mtakosa mshirika kabla hamjaanza.

Tajiri hamtafuti mtoto, mtoto anajileta. Jioni unapakia mafuta na barafu unamkuta amesimama ufukweni, unamfukuza, anakwambia ami nyumbani hakuna kitu. Utamfanyaje? Anapanda, kazi yake kutoa maji chomboni na kushika taa, asubuhi anashuka na kitoweo na elfu tano, siku ya neema zaidi ya hapo. Anapeleka nyumbani na mama anapokea, hamuulizi. Hapo hakuna mtu mbaya, kuna njaa. Ukienda na polisi pale pwani utakachovuna ni kwamba watapandia upande wa pili wa mikoko usikowaona.

Ila na sheria nayo ipo nisiifiche. Afisa wa ustawi wa jamii alitusomea kwenye kikao cha BMU, yaani kikundi chetu cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, Sheria ya Mtoto ya 2009 katika kazi za hatari imetaja kwenda baharini waziwazi, na kazi ya usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi mtoto haruhusiwi. Wengi tulikuwa tunasikia mara ya kwanza. Mzee mmoja akasema mbona mimi nimeanza na miaka tisa, akajibiwa ndio maana mpaka leo hujui kusoma risiti ya mafuta yako. Walicheka lakini ilimuingia.

Sisi kwetu tulikubaliana hivi. Mwanafunzi hapandi chombo usiku wa kuamkia siku ya shule, giza au mbalamwezi. Jumamosi na likizo mchana anaweza kuja ufukweni kushona nyavu na kuanika, analipwa hukohuko mbele ya watu. Tajiri akimpandisha, BMU inamzuia kushusha mzigo kwenye mwalo siku hiyo, na hapo ndipo kila mtu alipoamka maana dagaa hawasubiri. Shule nayo tukaidai: mtoto akirudi asipigwe, apewe daftari la mwenzie anakili. Haijawa asilimia mia, wapo wanaokwepa. Lakini hata kwa macho utaona tofauti.

La mwisho. Mnatafuta mtu wa kuja kuongea na vijana kuhusu kazi, niiteni mimi. Nitawaambia mimi naijua bahari hii kwa miamba yake mpaka Pemba, usiku bila taa nakupitisha, lakini meli kubwa siruhusiwi kuishika kwa sababu sina karatasi. Kijana mdogo aliyenikuta baharini, hajui hata kusoma upepo, kaenda chuo cha uvuvi Mbegani akarudi na cheti, leo anafanya kazi kwenye meli analipwa mshahara na bima. Hilo wataniamini kuliko huyo wa helmeti.

MpwaWaPwani
Shikamoo mzee wangu, nakushukuru sana. Hiyo ya kuzuia kushusha mzigo ni mpya kwangu, naichukua.

Bibie_Udahili
Nahodha kagusa kitu ambacho ndio kazi yangu ya kila siku, nipo ofisi ya udahili kwenye chuo kimoja (sio hivyo navyovitaja hapa chini).

Watoto wa kiume wengi wanaoacha wanaamini kwamba shule ina mlango mmoja, upate division one uende form five uwe daktari, na yeye anajijua hilo sio lake, basi bora akatafute hela mapema. Hakuna aliyemwambia kuhusu D nne. Masharti ya chini ya kuanza astashahada kwenye vyuo vya kati ni ufaulu wa D nne kwenye masomo yasiyo ya dini. D nne! Zipo kozi zinazotaka masomo maalum, afya kwa mfano wanataka baiolojia na kemia, lakini msingi ndo huo. Mtoto wa pwani mwenye D nne na anayependa bahari anaweza kuomba FETA, yaani Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kampasi ya Mbegani pale Bagamoyo, wana uvuvi, unahodha wa vyombo vya uvuvi, ukuzaji viumbe maji, uchakataji. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kwa anayetaka meli za mizigo. Chuo cha Bandari kwa mambo ya gatini. Na VETA Tanga, chuo cha ufundi stadi, ipo hapo hapo mjini, zipo fani zinazopokea hata aliyemaliza la saba.

Sasa andikeni hizo kwenye karatasi moja ya manila, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mkubwa: ukitaka kuwa huyu, unahitaji hiki, fomu zinatoka kipindi hiki, zinapatikana hapa. Sio brosha ya rangi. Bandikeni darasani, na kijiweni, na kwenye banda la BMU, na pale wanapocheza bao. Nimeona watoto wanabadilika kwa karatasi tu, kwa sababu D nne ni kitu anachoweza kukihesabu kichwani, anasema Kiswahili ninayo, historia ninayo, jiografia nipo karibu, bado moja. Anapata lengo analoliona.

Na kwa walioshatoka msiwaache. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wana madarasa ya kukuandaa kwa mtihani wa maarifa wa Baraza la Mitihani, QT, unafanya kisha unakuja kufanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea, unasoma jioni huku unafanya mishe zako.

Egesho_Ngamiani
Naongea kama kiongozi wa kijiwe, bodaboda. Tunaitwa kwenye kampeni, tunaitwa kwenye mbio za mwenge, tunaitwa msibani kusindikiza. Shule haijawahi kutuita hata siku moja isipokuwa kutulaumu kuhusu mabinti, na hilo la mabinti kweli wapo wapuuzi kwetu sikatai.

Nikwambie deiwaka inavyoanza. Mwenye pikipiki kachoka saa saba mchana anataka akale alale, hesabu ya tajiri elfu nane hajaifikisha, anamwona dogo wa miaka kumi na tano anayejua kuendesha, anampa mpaka saa kumi na mbili, kinachozidi tugawane. Dogo anapata elfu mbili elfu tatu. Ndio ajira hiyo. Wiki ya pili anakuja saa nne asubuhi na sare ya shule kwenye begi. Hana leseni, umri hajafika, akigonga mtu anayeitwa kituoni ni mimi.

Kwahiyo maslahi yetu na yenu ni yamoja kaka, nyie mnataka arudi darasani na mimi nataka aondoke kijiweni kwangu. Njoo tu na orodha ya majina, nitakaa na madereva wangu kumi dakika kumi, nitasema hawa mkiwapa pikipiki mnatoka kijiweni. Barua sihitaji na semina sihitaji.

Ila mniambie na nyie, nikimtoa hapa mchana anaenda wapi? Maana shule inatoka saa nane na nusu, mpaka magharibi ni muda mrefu na kwao hakuna kitu. Usipomjazia huo muda atarudi kwa mlango wa nyuma.

UstadhiDuga
Saa kumi mpaka magharibi wengi wako kwetu madrasa, au wanatakiwa wawe kwetu. Hakuna mwalimu wa shule aliyewahi kuja kuniuliza fulani anakuja? Mimi asiyekuja madrasa namfuata kwao na baba yake ananisikiliza, hilo mnalijua. Niwekeni kwenye orodha yenu, nikipewa jina nitafuatilia kama ninavyofuatilia la kwangu. Na robo saa ya kuwaambia hiyo D nne naitoa, ila dini isiyohesabiwa msinisemee mimi 😄

MamaWatatu_Sahare
Nilikuwa nasoma kimya ila mmeongea wanaume watupu isipokuwa huyo dada wa udahili.

Kwanza kuna mtu atakuja hapa kusema mbona mambo yote wasichana wasichana, serikali imejenga shule za sayansi za wasichana kila mkoa, aliyejifungua karuhusiwa kurudi tangu 2021, na wavulana je. Mimi nina binti na wa kiume wawili, nasema msianze hilo. Binti alivyobaki shuleni sio kwa sababu kapendelewa nyumbani, huyo akitoka shule anaosha vyombo anateka maji ndio anashika daftari, kwa taa ya simu yangu. Amebaki kwa sababu kila mtu anamuuliza ulikuwa wapi. Mama, shangazi, jirani, mwalimu wa kike, mpaka mwenye duka. Wa kiume hakuna anayemuuliza.

Angalieni kwetu pwani tunavyofanya. Kijana akishatoka jando, akibalehe, anahamishiwa geto la uani, anakuwa na mlango wake. Baba anaona kashakuwa mwanaume. Arudi saa nane za usiku asirudi hakuna anayejua. Anakula akipata. Nguo ajinunulie. Halafu tunashangaa ametafuta hela! Mimi wangu wa pili nilimrudisha kulala ndani akiwa form two, mjomba wake alinicheka kwamba namlea kama mtoto wa kike, nikamwambia basi acha awe binti mpaka amalize form four. Kamaliza.

Sasa ushauri wangu. Mmewataja matajiri wa vyombo, na wanaonunua dagaa ni akina nani? Sisi. Wanawake tunaokaanga na kuanika ndio tunamlipa tajiri pesa mkononi alfajiri, tuna vikoba vyetu na tunajua mtoto wa nani kashuka chomboni. Mkitukalisha sisi tukasema chombo kilichombeba mwanafunzi hatununui kwake, nani atauza? Hata hiyo BMU ya mzee nahodha itapata nguvu. Na kile kitoweo anachopeleka nyumbani, ambacho mzee amesema kweli kabisa ndo sababu, kikoba kinaweza kumfikiria mama yake kwa mkopo mdogo wa kuanzia, hiyo tunafanya tayari bila kuitwa ushirikiano. Pia halmashauri ile mikopo ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na wenye ulemavu imerudi, kikundi cha akina mama wa watoto hawa kinaweza kuomba.

Mgosi_wa_Ndima
Tanga raha, waja leo waondoka leo, na miradi nayo hivyo hivyo. Nawapa miezi mitatu.

MamaWatatu_Sahare
@Mgosi_wa_Ndima ndio maana nimesema msilete mradi.

Mtanga_Ughaibuni
Nipo Uingereza nafanya kazi kwenye chuo, niwape kidogo cha huku mpime wenyewe. Msidhani ni tatizo la maskini wa Afrika tu. Huku England vijana wa kiume wazungu wa familia maskini, wale wanaopewa chakula bure shuleni, ni miongoni mwa makundi yanayoenda chuo kikuu kwa kiwango cha chini kabisa, na sehemu zinazohangaika sana ni hii miji ya zamani ya pwani. Serikali ilipochagua maeneo kumi na mawili ya kuyapa msukumo wa elimu miaka ya 2016 na 2017, Blackpool na Hastings zilikuwemo, hiyo miwili yote ni miji ya pwani. Vyuo vikuu vinavyotoza ada ya juu vinatakiwa viandike mpango wa jinsi vitakavyowafikia vijana kama hao na msimamizi anaukagua.

Nilichokiona mimi kwa macho yangu, ziara ya siku moja chuoni haimsaidii kijana wa kiume wa namna hiyo. Anakula sandwichi, anarudi, anasema pazuri ila sio pangu. Kinachomshika ni mtu mmoja anayemjua anayerudi kwake tena na tena, kocha wa mpira, fundi, mjomba, huyo akiambiwa na chuo "njia ni hii" anamfikishia kwa lugha yao. Na UNESCO walitoa ripoti ya dunia nzima 2022 kuhusu wavulana kukata tamaa na shule, wakasema watoto wa kiume milioni 132 wako nje ya shule, na sababu zilizotajwa ndo hizi hizi za kwenu, kazi za utotoni na adhabu kali. Lesotho wanaondoka kwenda kuchunga mifugo, nyie mnaondoka na dagaa.

Kocha hamjamtaja kabisa humo juu, na hao wa ndondo, mpira wa mtaani, ndio wenye vijana wote jioni.

Egesho_Ngamiani
Kweli kabisa, na jibu la swali langu la muda lipo hapo. Timu ya mtaa. Hachezi ndondo ambaye jina lake lina utoro wiki hiyo. Hiyo inauma kuliko fimbo.

Mwl_Zamu
Ila mkifanya hivyo na kocha, asimfukuze mazoezini. Afanye mazoezi, mechi ndo akae benchi. Ukimfukuza mazoezini umemrudisha kijiweni.

MpwaWaPwani
Nimepata zaidi ya nilichoomba, naandika hapa nitakachopeleka kwenye bodi mnirekebishe.

Barua za bandari na bomba nitaomba zisubiri. Naanza na mzee wetu wa vyombo viwili, lakini sitamwendea kwenye kikao mbele za watu, nitamwendea kwake jioni na rejista na kalenda ya mwezi, aone mwenyewe. Yeye akikubali wenzie watafuata, akikataa nitapita kwa akina mama wa dagaa kama dada alivyosema, na hapo sijui kama atakuwa na ujanja. BMU wakae na nahodha. Ustadhi, kijiwe na kocha wapate orodha moja ya majina kila Ijumaa kutoka kwa mwalimu wa darasa, majina tu, hakuna fomu wala ripoti. Mkuu wa shule nitamwomba suala la fimbo kwa wanaorudi, hilo najua litakuwa gumu kuliko yote maana kuna walimu pale wanaamini bila fimbo hakuna shule. Na manila ya D nne dada Bibie nitakutumia picha unikagulie kabla hatujabandika.

Kilichobaki ni wale ambao wametoka mwaka jana na juzi na hawatarudi darasani hata ufanyeje. Wapo gereji, wapo kwa mafundi. Hao?

ChumaChaMakorora
Hao niletee mimi na wenzangu. Kwanza ujue fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kurasimishwa, VETA wanampima kwa vitendo anapata cheti bila kurudi kukaa darasani, serikali imekuwa na mpango huo na ule wa uanagenzi kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, mimi mwenyewe cheti changu nimekipata hivyo baada ya kuchomelea mageti miaka na miaka. Kwahiyo dogo aliye gereji hajapotea, anachohitaji ni fundi atakayemfundisha kazi yenyewe asiishie kumtuma maji na chapati, na mtu wa kumkumbusha siku za kujiandikisha.

Karakana yetu tunachukua wawili kwa kuanzia, Jumamosi wale walio shuleni pia wanaweza kuja kuangalia. Masharti yangu madogo. Mzazi aje mwenyewe tuonane asitume ujumbe, dogo asiguse grainda mpaka nimwambie, na viatu vya kufunika, nimechoka na watu wa ndala.

MpwaWaPwani
Viatu ndo kipengele, wengi wao ndala ndo viatu. Ngoja niulize mitumba ya Tangamano wanafanyaje kwa jozi mbili tatu.

MamaWatatu_Sahare
Wangu mkubwa ana buti za zamani zimembana, namba 41. Nitumie inbox nikwambie pa kuzipitia.